Prefe na Saa ya Nyuso Mbili

Majirani wote tulimwita Prefe, na mkewe alimwita hivyo hivyo, mbele ya wageni na hata wakiwa peke yao. Kule Burundi alikuwa prefe wa nidhamu katika shule ya bweni, yule mtu ambaye wanafunzi wakisikia viatu vyake barazani wanakumbuka ghafla kwamba wana madaftari ya kusoma. Alipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hakuwa tena na shule wala kengele, na viatu vyenyewe vilikuwa vimechoka. Lakini uprefe hakuuacha njiani. Aliubeba mpaka Malawi, akautua mbele ya kibanda kilichotazamana na changu, na miaka ile ya katikati ya tisini nikawa jirani yake, nipende nisipende.

Msiniulize ukoo wake wala kitovu chake kilizikwa wapi. Hakupenda kuulizwa, na mimi mwenyewe nina mengi nisiyopenda kuulizwa. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake la mikono mirefu alilifunga vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa Oktoba, wakati joto linamfanya mtu atamani kuvua ngozi. Mtoto aliyepita mbele ya mlango wake alijua kunyoosha mikono ili kucha zikaguliwe. Watu wazima nao hawakusalimika. Mimi, mwanamke mwenye watoto na biashara yangu, niliwahi kurudishwa nyumbani kunawa kwa sababu nilikwenda kuazima chumvi nikiwa na unga wa muhogo kwenye vidole. Nilinung'unika sana, lakini nilinawa.

Kwa Prefe hakuna kilichoanza kabla ya salamu. Asubuhi moja upepo wa kambini, ule unaokuja na vumbi lote la wilaya ya Dowa, uling'oa turubai la paa langu. Nilikimbia kwake nikihema.

"Prefe, turubai yangu inaruka!"

"Bwakeye, Mama Furaha. Umelala muzuri?"

"Nimelala. Prefe, turubai..."

"Na batoto?"

"Batoto balilala, bote balilala. Angalia kule!"

"Mungu asifiwe," akasema. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kigoda, akatimua mbio kuliko vijana wote wa mtaa wetu. Turubai alilikamata karibu na bomba la maji. Alirudi nalo limekunjwa pembe kwa pembe, akanikabidhi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha ule wa kulia.

Hilo la kiwiko nalo lazima nilieleze. Kwetu wengi humpa mkubwa kitu namna hiyo, na Wamalawi wana heshima yao inayofanana nayo. Lakini wengine tunachagua watu wa kuwafanyia. Prefe hakuchagua. Nilimwona kwa macho yangu akimpa mbuzi wa jirani ganda la ndizi, kiwiko kimeshikwa vizuri kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliniuliza nacheka nini, nikasema nimekumbuka jambo la zamani.

Sasa mtu akisikia hayo atadhani nasimulia habari za mtakatifu. Prefe hakuwa mtakatifu. Kwenye karata alikuwa mwizi mchana kweupe. Alicheza na mkewe, Mama Prefe, na ile mikono mirefu ya shati ilificha karata kuliko unavyoweza kufikiri. Mama Prefe akimkamata, yeye hakuona haya hata kidogo. "Karata ni bahati," alisema. "Bahati haina diskipline. Na mi sina diskipline nayo." Vile vile alikuwa ametangaza kwamba nsima ya Malawi si ugali, ni uji uliojisahau, na kwamba yeye hataila hadi siku ya kufa. Mkewe alituambia kwa kicheko kwamba masufuria ya nsima kwake yalisafishwa kwa kidole, na kidole hicho hakikuwa chake yeye mke.

Halafu kuna suala la wakati. Alikuwa ametundika rimu ya gurudumu la lori kwenye nguzo, na kila alfajiri aliigonga kwa chuma ili tuamke. Tulikuwa hatuna shule ya kwenda wala kazi ya kuwahi, wengi wetu, na kulikuwa na watu waliomlaani kwa Kirundi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili chetu cha Uvira kule Kongo, kila mtu kwa lugha iliyomtosha. Aliendelea kugonga. Mchungaji akichelewesha ibada, Prefe alisimama mlangoni mwa kanisa akitazama jua. Ungesema mtu huyu ana saa ndani ya kifua. Lakini mkalishe mbele ya mchezo wake, na jua lingeweza kuchomoza na kuzama bila yeye kusogeza kitu.

Mchezo wenyewe ulikuwa sataranji, ambayo sisi tuliita eshek, kama tulivyosikia kwa Kifaransa. Alijifunza kwa mapadri wa shule yake. Kambini alitengeneza seti yake mwenyewe: ubao aliuchora kwenye ubavu wa katoni ya mafuta ya msaada, na wachezaji aliwachonga kwa magunzi ya mahindi. Weusi aliwapaka mkaa. Kwa hiyo aliyecheza weusi alijulikana siku nzima kwa vidole vyake, na ndiyo sababu nyingine ya ule ukaguzi wa kucha. Tulichezea kwenye baraza la jengo moja la zamani, kwani Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi yetu, na kuta zake nene zilizuia upepo usiangushe magunzi.

Alinifundisha kwa sababu nilimcheka. Nilisema, watu wazima wanakaa kutwa wanatazama magunzi kama kuku. Akanivutia kigoda. "Kaa, Mama Furaha. Tazama na we." Nilikaa, na mpaka leo sijanyanyuka sawasawa. Vile vidogo vya mstari wa mbele, ambavyo wengine huviita askari, yeye aliviita wanafunzi. Kila kimoja kinatembea mbele tu, taratibu, hatua moja moja, na kikifika ukingo wa mwisho wa ubao kinageuka malkia, mwenye nguvu kuliko wote. Hilo lilimfurahisha kila mara, kama ameligundua jana. "Angalia," alisema. "Alitoka nyuma kabisa. Sasa njo mukubwa."

Ukimaliza kusogeza ulipaswa kutoa mkono ubaoni, kushika kiwiko, na kumwambia mwenzako, "Ni kwako." Yaani unamkabidhi zamu kama unavyomkabidhi kikombe cha chai. Kambi nzima ilicheza hivyo. Mimi sikujua kwamba duniani kuna watu wanaocheza bila kukabidhiana zamu.

Somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la mwisho wa mchezo, wakati wakubwa wote wameliwa na wamebaki wafalme wawili na mwanafunzi mmoja. Hapo sisi sote tulifanya kosa lile lile. Tulimkimbiza mwanafunzi mbele awe malkia haraka, na mfalme wa adui akamsimamia njiani, mchezo ukaisha sare. Prefe aliumia kama tumemtukana. "Unakimbia nini? Mwanafunzi abakie nyuma kwanza. Mufalme njo atangulie, afungue njia. Na ile hatua ya mwanafunzi, weka. Utaihitaji." Alinionyesha wafalme wawili wakitazamana, nafasi moja katikati yao, hakuna anayeruhusiwa kumkaribia mwenzake zaidi. Hapo mwenye zamu ndiye anayepata hasara, kwa sababu lazima asogee, na akisogea anaacha njia. Ukiwa umeweka akiba ya hatua moja ya mwanafunzi, unaitumia hapo, zamu inarudi kwa mwenzako, naye ndiye anayelazimika kupisha. Ilinichukua majira mawili ya mahindi kulielewa jambo hilo, na nilipolielewa nilijiona nimemaliza sekondari.

Mama Prefe hakucheza eshek. Alisema nyumba moja inatosha mwehu mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi, lakini kifua chake kilikuwa kinambana. Alikuja na pumu kutoka kwao, na Dzaleka ikaizidisha: Juni na Julai baridi, Agosti vumbi, na ndani ya kibanda moshi. Alianza sentensi tamu kabisa ya kumsengenya mtu, halafu pumzi ikamkatikia katikati, na sisi tukabaki tunangoja tusijue mtu mwenyewe alifanya nini. Yeye mwenyewe alifanya mzaha nalo. Sisi hatukucheka.

Mchana mmoja Prefe alikuwa anacheza na mimi karibu na kibanda chake, na nilikuwa nimembana vizuri, tukasikia kutoka kibandani ile sauti ya mluzi wa kifua. Prefe aliinuka na ubao mkononi. Magunzi yote yalimwagika chini. Alimkuta mkewe ameshika mlango kwa mikono miwili, akamkalisha, akaanza kumpepea kwa ile katoni, akampepea mpaka jua likahama upande. Mtu ambaye hakuruhusu hata gunzi moja lilale chali aliyaacha yote mavumbini. Mganga wa zahanati ya kambi alisema wazi, kwa upole lakini wazi: mama huyu anahitaji nyumba ya sakafu na madirisha, karibu na hospitali kubwa ya mjini. Siku moja hatutamfikisha kwa wakati. Prefe alimshukuru, akiwa ameshika kiwiko.

Tangu siku hiyo nilimwona anazeeka. Nyumba mjini haipatikani kwa adabu.

Mimi nilikuwa nafanya biashara ya maharage na vitenge soko la Tsoka, Lilongwe, nikienda na kurudi kila nilipopata ruhusa. Pale Tsoka ndipo nilipopata habari. Mteja wangu mmoja alikuwa mke wa mtu mwenye shule ya binafsi huko mtaa wa Area 23. Mumewe alikuwa mgonjwa wa sataranji kama Prefe wangu. Alitaka mwalimu wa hesabu ambaye pia atafundisha wanafunzi mchezo huo, na alikuwa tayari kutoa nyumba ndogo ya tofali uani mwa shule, na kushughulikia kibali cha mkimbizi kuishi mjini. Walikuwa wameshajaribu watu kadhaa. Mtihani ulikuwa mmoja tu: umshinde Agogo.

Agogo maana yake babu, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mstaafu wa posta, mzee wa fimbo na miwani mizito, na ndiye aliyekuwa akimshinda mwenye shule kila Jumamosi. Mwenye shule alisema sare haitoshi. Anayetaka kazi amshinde.

Nilipomwambia Prefe, alikwenda kukagua kucha zake mwenyewe.

Tulisafiri kwa matola, pikapu inayobeba watu na magunia pamoja, mimi juu ya maharage yangu na Prefe amekaa wima kana kwamba yuko kwenye kiti cha ofisi. Mama Prefe alibaki na jirani. Alikuwa amemwambia mumewe maneno machache tu asubuhi: "Kamukule yule muzee, Prefe." Halafu akakohoa.

Darasani palikuwa na meza katikati, seti ya mbao halisi iliyong'aa, na watazamaji wachache kwenye madawati. Mwenye shule, mtu mnene mwenye haraka, alitueleza sheria kwa Kiingereza, nami nikamfasiria Prefe kwa kadiri nilivyoweza. Mtazamaji akitoa sauti, mchezo unafutwa. Na juu ya meza kulikuwa na kitu ambacho mimi na Prefe hatukuwahi kukiona: kisanduku cha mbao chenye saa mbili, nyuso mbili zimekaa pamoja, na vitufe viwili juu yake. Ukimaliza kucheza unabonyeza kitufe chako. Saa yako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Wakati wako ukikaribia kuisha, mshale mrefu unainua kibendera chekundu. Kibendera kikianguka umeshindwa, hata kama ubao mzima ni wako.

"Nimesikia," Prefe akasema. Akamsalimia Agogo. Akamuuliza habari za nyumbani, na za watoto, na mimi nikafasiri vyote huku mwenye shule akikuna shingo. Agogo alijibu yote bila haraka, naye akauliza yake. Nikaona kwamba hao wawili wangeweza kusalimiana mpaka jioni.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Prefe alicheza kama alivyocheza kambini, taratibu, uso hausomeki. Kila alipomaliza alitoa mkono ubaoni, akashika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akanyoosha kidole na kugusa kile kitufe kwa upole, na midomo yake ikasema bila sauti, "Ni kwako." Nilijivuna. Nilitamani wote waone adabu ya mtu wetu.

Kisha nikasikia kitu. Darasa lilikuwa kimya, na saa ile ilikuwa na mlio mkubwa. Agogo alikuwa amezama, anafikiri, kichwa karibu kigonge ubao, na mshale uliokuwa ukitembea haukuwa wake. Ulikuwa wa Prefe. Nilitazama tena. Prefe akacheza, akakabidhi zamu kwa kidole chake cha heshima, na kitufe hakikushuka. Alikigusa tu. Hakukibonyeza, kwa sababu mbele yake alikaa mtu mzima kumzidi, na Prefe hajawahi maishani mwake kugonga kitu mbele ya mzee. Kwa hiyo wakati wake ulikuwa unaliwa anapofikiri yeye, na unaliwa tena anapofikiri Agogo. Mara moja moja kitufe kilishuka kwa bahati. Mara nyingi hakikushuka.

Nilishika pindo la kitenge changu nikaliuma. Ningefanya nini? Nikikohoa, mchezo umefutwa. Prefe hakuitazama saa hata mara moja, macho yake yalikuwa kwa wanafunzi wake. Na Agogo, kwa miwani ile, aliona ubao tu. Mwenye shule aliona, nina hakika aliona, lakini alikunja mikono: kila mtu na saa yake. Niliichukia adabu siku ile. Nilimwona akilini Mama Prefe ameshika mlango, nikaona nyumba ya tofali inaondoka tik, tik, tik, na chanzo ni kidole kimoja kisichotaka kumkosea mzee heshima. Nililia bila sauti, na hilo nalo ni kazi.

Wakubwa waliliwa mmoja baada ya mwingine. Zikabaki ngome, wale wakubwa wa pembeni, nazo zikaliana. Walibaki wafalme wawili na mwanafunzi mmoja, wa Prefe. Lile somo lenyewe. Hapo Agogo aliinua kichwa kunyoosha shingo, akatupia macho saa, akaona wake umejaa tele na wa mwenzake umebaki dakika chache. Alikunja uso. Aliitazama saa, akamtazama Prefe, akakitazama kidole.

"Aphunzitsi," akasema, yaani mwalimu. "Wotchi yanu." Saa yako. Akamwonyesha.

Prefe alitazama. Nilimwona anaelewa. Agogo alimgeukia mwenye shule akamwambia jambo kwa Chichewa, na mwenye shule akatikisa kichwa: kilichopotea kimepotea. Na saa hiyo yote mshale ulikuwa unatembea.

Mtu mwingine angepiga hapo hapo. Prefe alinyanyua mkono juu ya kitufe, akausimamisha hewani, akamwangalia Agogo. Alikuwa anaomba ruhusa. Kibendera kilikuwa kimeanza kunyanyuka na mtu huyu anaomba ruhusa!

"Menyani, bambo," Agogo akasema. Piga, baba. Na ili aeleweke, yeye mwenyewe akaipiga meza kofi. "Menyani."

Prefe akapiga. Tak. Mkono wa kushoto bado ulikuwa kwenye kiwiko, lakini kofi lilikuwa kofi.

Agogo alirudisha mfalme wake njiani. Ilikuwa zamu ya Prefe, na kila kitu mwilini mwangu kilipiga kelele: mkimbize mwanafunzi, mkimbize, muda hakuna. Ningekuwa mimi ningemkimbiza. Prefe alimshika mfalme. Akamtembeza hatua moja mbele. Tak. Agogo akasogea. Mfalme tena. Tak. Mwanafunzi amekaa nyuma kule, hajaguswa, kana kwamba tuna siku nzima. Kibendera kilikuwa kimelala karibu kabisa kwenye ncha ya mshale.

Wafalme wakakutana uso kwa uso, nafasi moja katikati. Na zamu ilikuwa ya Prefe. Akimsogeza mfalme, anapisha njia, sare, na sare haitoshi. Mkono wake ulirudi nyuma ubaoni, ukamshika yule mwanafunzi, ukamsogeza hatua moja. Moja tu. Tak.

Agogo aliutazama ubao. Sasa zamu ilikuwa yake, na hakuwa na kitu kingine cha kusogeza ila mfalme. Alikaa. Saa iliyotembea ilikuwa yake, na kibendera cha Prefe kilining'inia bila kuanguka. Naapa sijawahi kukipenda kitu chekundu namna ile. Mzee alitikisa kichwa polepole, akaanza kutabasamu. Hakusogea. Alimchukua mfalme wake kwa vidole viwili, akamlaza chali ubaoni.

"Zikomo," akasema, asante. Kisha akamgeukia mwenye shule. "Awa ndi aphunzitsi." Huyu ni mwalimu.

Nilitoka nje. Niliegemea ukuta wa darasa kama mtu aliyetua ndoo baada ya mlima mrefu. Nilicheka, nikalia, nikafunga kitenge vizuri, nikarudi ndani. Prefe alikuwa bado amekaa. Aliomba maji, na Agogo ndiye aliyemletea kikombe, kwa mikono miwili.

Tuliporudi kibandani tulimkuta Mama Prefe ameegemea mto wa magunia, macho mlangoni. Mimi nilikuwa na habari mdomoni inanichoma. Prefe akavua kofia.

"Umeshinda muzuri?" akamuuliza mkewe. "Kifua je? Umekula?"

"Nimekula." Alivuta pumzi. "Prefe, sema."

"Nimepiga saa," akasema. "Mbele ya muzee. Nimeipiga na mukono wazi."

"Alikasirika?" Mama Prefe akauliza.

"Hapana. Yeye njo alisema nipige."

Yule mama hakuuliza mengine. Alinigeukia mimi, akauona uso wangu, akafunika mdomo kwa mkono. Halafu akasema afungiwe sufuria zake kwanza, kwa sababu anamjua Prefe, atazisahau. Sijui ni nani kati yetu aliyeanza kulia, na haikuwa na maana tena kuuliza.

Walihama kabla ya vumbi la Agosti. Rimu ya lori alituachia. Hakuna aliyeigonga, na kwa wiki nyingi watu wale wale waliomlaani walichelewa kila mahali wakilalamika.

Miaka kadhaa baadaye, na mimi nikiwa nimeshapata chumba mtaa wa Chinsapo, Lilongwe, nilikuwa napita Tsoka upande wa samaki wakavu nikamwona. Vifungo mpaka shingoni. Mvi kidogo. Kikapu mkononi, kimejaa mboga, na alikuwa amesimama tu katikati ya njia, watu wanamkwepa. Tulisalimiana kirefu kama anavyotaka. Aliniuliza habari za Furaha, mwanangu, na za wadogo zake wote kwa majina. Akaniambia wanafunzi wake wana haraka mno, wanapiga saa kama wanaua mbu, na kila siku anawasomea somo la adabu. Nilicheka. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa naogopa kuuliza.

"Na Mama Prefe?"

Aliinua kidole. "Sikiliza," akasema.

Nyuma ya rundo la usipa, dagaa wa Malawi, palikuwa na sauti ya mwanamke. Alikuwa anamgombeza muuza samaki, Chichewa na Kiswahili vimechanganyika: kwamba samaki hawa ni vichwa vitupu, kwamba miili yao imekwenda wapi, kwamba yeye ameliona ziwa Tanganyika na samaki anawajua, kwamba mchanga wa humo peke yake unatosha kujenga nyumba, kwamba mama yake muuza samaki akisikia ataona haya, na kwamba hajamaliza. Muuzaji alijaribu kuingiza neno akashindwa. Sauti ilipanda, ikashuka, ikageuka mzaha, ikarudi kwenye ugomvi, bila kukatika mahali popote.

Nilimtazama Prefe. Alikuwa ameweka kikapu chini. Hakumwita wala hakumharakisha. Tulisimama pale na watu wanatusukuma mabegani, tukamsikiliza mpaka akamaliza mwenyewe.